Mikanda ya Ndege Ndogo: Dalili, Chanzo, na Wakati wa Kubadilisha

Mkanda wa usalama ukibadilishwa utepe, yaani kitambaa chake kilichofumwa, bila kuondolewa kile kilichoukata, ule mpya nao utakatika palepale. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na dalili na kufuata chanzo hadi kilipo, kabla ya kufika kwenye swali la kununua au kukarabati. Mwenye ndege anayeona nyuzi zimetoka hukimbilia kuulizia rangi za utepe mpya, na ukingo wa bati uliozitoa unabaki pale chini ya kiti ukisubiri.

Kanuni zilizotumika kuidhinisha ndege nyingi ndogo zinataka kiti na mkanda vihimili g 9, yaani mara tisa ya uzito, kuelekea mbele. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni nguvu ya kilo 720 hivi, inayokuja kwa mpigo mmoja. Ndege za aina mpya zaidi, zilizoidhinishwa chini ya kanuni ambazo Marekani iliziongeza mwaka 1988, hujaribiwa kwa mshtuko wa g 26 kwenye viti vya mbele. Mkanda unaweza kukaa miaka yote bila kuguswa na mzigo wa namna hiyo, kisha siku moja ukatakiwa kuubeba wote. Huwezi kuupima kwa kuuvuta kwa mkono. Unachoweza ni kuusoma.

Kabla ya kugusa bolti yoyote

Tafuta mwongozo wa matengenezo wa ndege yako na, ukiupata, ule wa mtengenezaji wa mikanda. Chukua tochi, kioo kidogo cha mkono, rula, kitambaa cheupe cha pamba na simu ya kupigia picha. Soma lebo ya kila mkanda uandike jina la mtengenezaji, namba ya kifaa, tarehe ya kutengenezwa na kiwango. Kwa viwango vya Marekani, vinavyoitwa TSO, mkanda wa kiunoni peke yake huwa chini ya TSO-C22, na mfumo wenye mikanda ya begani huwa chini ya TSO-C114. Ulaya ina vyake vinavyolingana, ETSO-C22 na ETSO-C114.

Kisha toa mkanda wote nje. Namaanisha wote, pamoja na zile raundi za mwisho zilizojikunja ndani ya kikunjio, yaani kile kisanduku chenye springi kinachorudisha mkanda wa begani na kuukamata ukivutwa ghafla. Sehemu isiyoonwa na mtu ndiyo mara nyingi yenye kovu.

Neno moja juu ya mipaka. Kanuni za Marekani zinamruhusu rubani mwenye ndege kubadilisha mkanda mwenyewe kama matengenezo ya kinga, alimradi ndege haitumiki kwa safari za kibiashara za abiria na mkanda anaoweka umeidhinishwa kwa ndege hiyo. Kushona utepe mpya kwenye vyuma vya zamani ni jambo jingine kabisa; hiyo ni kazi ya karakana yenye idhini ya kazi hiyo. Ndege iliyosajiliwa kwingine inafuata mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ya usajili, na ni vizuri kuwauliza kabla, si baada.

Utepe umepauka, umekakamaa au una manyoya

Tuanze na kupauka, kwa sababu ndiko kunakodharauliwa zaidi. Mionzi ya jua hula nailoni na poliesta, na nailoni ndiyo inayoumia upesi. Ndege inayolala nje, mkanda wake wa begani ukining'inia karibu na dirisha, hupokea jua kutwa nzima hata isiporuka.

Inua mto wa kiti utafute kipande cha utepe ambacho jua halijawahi kukifikia: chini ya mto, ndani ya pindo la mshono, au mwisho kabisa wa kikunjio. Kilaze bega kwa bega na kipande cha juu kinachokaa dirishani. Kile cha ndani huenda kikawa na wekundu uliokolea wa siku kilipotoka kiwandani, na cha nje kimekuwa waridi la vumbi. Sasa kunja kile cha nje juu ya kidole uangalie mgongo wa mkunjo kwa tochi. Ukiona nyuzi fupifupi zinavunjika na kusimama, au unga mwembamba unabaki kidoleni, mkanda huo umekwisha. Rangi peke yake haipimi nguvu, lakini rangi iliyokwenda pamoja na nyuzi zinazovunjika ni jibu kamili.

Kuupaka rangi mkanda uliopauka ili ufanane na viti vipya ni kosa kubwa. Dawa za rangi zinaweza kudhoofisha nyuzi, na zaidi ya hapo zinaficha dalili ambayo mkaguzi anayefuata angeiona.

Ukakamavu una vyanzo kadhaa. Jasho lililokauka, soda iliyomwagika na vumbi vinaweza kuoshwa. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, futa kwa kitambaa, suuza, kausha kivulini. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, petroli wala kilainisha nguo. Usiuache utepe mbichi ujirudishe ndani ya kikunjio, na usitumbukize bizimu ndani ya ndoo. Ukikauka ukarudi kuwa laini, vizuri. Ukibaki mgumu kama ulivyokuwa, kuna kitu kimeingia ndani ya nyuzi: rangi ya kupulizia, oili, gundi, au asidi. Asidi ya betri ndiyo mbaya kuliko zote kwa nailoni, na kwenye ndege ambazo betri inakaa nyuma ya viti au chini yake, mtu aliyeibeba bila uangalifu anaweza kuwa ameidondosha juu ya mkanda bila kujua. Doa lisiloeleweka asili yake kwenye mkanda wa nailoni ni sababu ya kutosha kuutoa. Mkojo wa panya nao usiuchukulie kirahisi. Ukikuta dalili za panya, fuata utepe wote kwa vidole ukitafuta alama za meno, hasa pale unapopita nyuma ya mapambo ya ndani.

Manyoya juu ya uso wa utepe, pale unapopita kila siku kwenye kikazio, yaani kile chuma cha kurekebisha urefu wa mkanda, ni uchakavu wa kawaida hadi kiasi fulani, na miongozo ya watengenezaji huonyesha kwa picha mwisho wa kiasi hicho. Tofauti ya kuiweka akilini ni hii: manyoya ni nyuzinyuzi za juu zilizosuguka, wakati uzi uliokatika unaacha pengo katika ufumaji, na ukiuvuta kidogo unafuatana. La kwanza unalifuatilia. La pili linaondoa mkanda kwenye ndege.

Kingo zimechanika au mshono umeachia

Ukingo wa utepe ndio unaoshika ufumaji mzima usifumuke. Ukikatika, mpasuko una njia ya kuendelea chini ya mzigo. Hapa usijadiliane.

Kazi kubwa ni kumtafuta mkataji. Rudisha kiti mahali pake, funga mkanda kama abiria anavyofunga, kisha pitisha kioo na tochi mahali penye jeraha uone linaangukia wapi. Wanaoshukiwa ni wachache: reli ya kiti yenye meno, bomba la fremu ya kiti lililopoteza kifuniko cha plastiki, kipande cha mapambo kilichokatwa vibaya wakati wa ukarabati wa ndani, au tundu la chuma cha mwisho cha mkanda wenyewe, kile kinachoufunga kwenye sakafu au fremu. Sugua kitambaa cheupe cha pamba kuzunguka kila ukingo wa chuma ambao utepe unaugusa. Mahali kitakaponasa na kuacha nyuzi nyeupe, ndipo palipo na makali. Kidole kinaweza kupita hapo bila kuhisi kitu, pamba haikosei.

Mara nyingine hakuna makali yoyote. Utepe umejipinda ndani ya tundu la ulimi, yaani kile chuma bapa kinachoingia kwenye bizimu, ukakaa umejikunja upande mmoja kwa miaka, na mikono ya abiria ikamaliza kazi. Unyooshe uone kama mkunjo wa kudumu umebaki; ukibaki, utarudi kujipinda tu.

Kuhusu mshono, angalia nyuzi za kushonea pande zote mbili, kwani upande wa chini ndio unaosuguliwa na kiti. Uzi mmoja uliokatika, kitanzi kilichoachia, au mstari ulioliwa na msuguano unatosha kuukataa mkanda. Usimpelekee fundi wa viti wala wa mabegi hata kama ana mashine nzito na mkono mzuri. Mchoro wa mshono, unene wa uzi, idadi ya hatua za sindano na urefu wa pindo ni sehemu ya usanifu ulioidhinishwa. Kushona mara ya pili juu ya matundu yaleyale kunaongeza matundu mapya kwenye kitambaa kilichokwisha kudhoofika, na mkanda unatoka ukionekana imara kuliko ulivyo.

Mkanda wa kiunoni unalegea wenyewe

Abiria anakaza kabla ya kuruka, na baada ya nusu saa ya hewa yenye misukosuko kuna nafasi ya ngumi nzima tumboni. Hii ni dalili nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu kifaa kinachoteleza kwa mtikisiko mdogo hakina sababu ya kushika katika mtikisiko mkubwa.

Chunguza kikazio kwanza. Ndani yake kuna kipini chenye mikwaruzo iliyochongwa makusudi ili kiung'ate utepe. Kigeuze juani ukitazame kwa pembeni: mikwaruzo mipya inakatakata mwanga, iliyochakaa inang'aa kama kijiko. Ukikuta mng'ao katikati na mikwaruzo pembeni, kipini kimelika pale utepe unapopita, na hakuna namna ya kukinoa upya kihalali. Chuma hicho kinabadilishwa.

Kipini kikiwa kizima, angalia utepe wenyewe. Uliosuguka hadi ukawa laini na kung'aa haung'atiki tena. Uliopakwa dawa ya silikoni na mtu aliyetaka viti ving'ae utateleza, na kuosha kwa sabuni kunaweza kusaidia au kusisaidie. Utepe uliowekwa na karakana ukiwa mwembamba kuliko wa asili utateleza tangu siku ya kwanza. Kama tatizo lilianza mara tu mkanda uliporudi kutoka kubadilishwa utepe, urudishe ulikotoka ukiwa na maelezo ya maandishi.

Kisha kuna kosa la kupitisha utepe kinyume. Vikazio vingi hushika kwa kuinama: mkanda ukivutwa katika mstari ulionyooka vinafunga, vikiinuliwa vinaachia. Utepe ukipitishwa upande usio wake, au mkanda ukiwa mrefu kwa mtu mdogo kiasi kwamba kikazio kinabanwa na nyonga na kubaki kimeinama, kitaachia kidogokidogo. Mkalishe mtu kitini, akaze, kisha avute huku akijitikisa mbele na pembeni. Weka alama ya chaki kwenye utepe mahali unapotokea kwenye kikazio. Alama ikisogea, una jibu.

Jambo la mwisho kabla ya kuulaumu mkanda: huenda kiti ndicho kinachoteleza. Kwenye ndege ambazo viti vinakwenda mbele na nyuma juu ya reli, pini iliyochakaa na matundu ya reli yaliyolika huruhusu kiti kuruka tundu moja, na ikiwa mkanda umefungwa sakafuni, urefu wake wote unabadilika. Kwa ndege nyingi za Cessna jambo hili lina amri ya usalama ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, AD 2011-10-09, inayotaka reli, pini na magurudumu ya viti yakaguliwe kwa vipindi. Rubani aliyefunga mkanda vizuri juu ya kiti kinachorudi nyuma wakati wa kupaa anabaki amekamata usukani ambao mikono yake inauvuta.

Bizimu haishiki, inagoma kufunguka, au inafunguka yenyewe

Kwanza hakikisha kwamba ni bizimu ya chuma kwa chuma. Kanuni za Marekani zinataka hivyo, na ukikuta kwenye ndege ya kale bizimu inayoubana utepe wenyewe kwa msuguano badala ya kuukamata ulimi, hiyo haikaguliwi, inaondolewa.

Bizimu isiyoshika mara nyingi ina uchafu: mchanga, makombo, kipande cha karatasi ya peremende. Pulizia hewa kavu ya shinikizo la chini, kisha sikiliza. Mlio wa kukamata uwe mmoja, mkavu, kila mara, na kifuniko kirudi chini kwa nguvu ya springi. Usiweke grisi wala oili isipokuwa mwongozo umeitaja. Vilainishi vinakusanya vumbi, na baada ya muda mfupi tatizo linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Ulimi nao uutazame. Ukiwa umepinda, umevimba ukingoni, au mipako imebanduka, usiunyooshe kwa nyundo. Chuma kilichopindwa na kunyooshwa kimekwisha kutumia sehemu ya maisha yake.

Bizimu inayogoma kufunguka chini ya uzito ni hatari ya aina yake, kwani ndege ikipinduka abiria anakuwa ananing'inia kwenye mkanda. Jaribu ukiwa umekaa na mkanda umekazwa sana, huku ukisukuma tumbo mbele. Ifunguke kwa mkono mmoja bila kupigana nayo.

Ile inayofunguka yenyewe karibu kila mara inaguswa na kitu. Mkono wa koti unanasa kifuniko, kamba ya kamera inapita chini yake, usukani ukivutwa hadi mwisho unaigusa. Vuta usukani nyuma kabisa ukiwa na mkanda umefungwa, uone nafasi iliyobaki. Kama hakuna kinachoigusa na bado inafunguka, springi imechoka, na bizimu hiyo haistahili safari nyingine hata moja.

Kikunjio hakirudishi, hakiachii, au hakikamati

Vikunjio vya ndege vinafanana na vya gari kwa sura, lakini tofauti ni kubwa. Kile cha gari mara nyingi kina goroli au uzani mdogo unaohisi gari limefunga breki au limeinama. Ndege huinama kila safari, kwa hiyo kifaa cha namna hiyo kingefunga wakati kisipotakiwa. Vya ndege kwa kawaida huhisi kasi ya utepe unaochomoka. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutoleta mkanda wa gari kwenye ndege yenye cheti, pamoja na kwamba hauruhusiwi. Kwenye ndege za kujiundia sheria ni legevu zaidi. Mshtuko wa ajali haulegei.

Utepe usiporudi, usidhani springi imekufa. Nyoosha mkanda wote uone kama umejipinda ndani ya mwongozo wake. Ondoa kipande cha mapambo kinachokifunika kikunjio uujaribu tena. Ukirudi vizuri, mapambo ndiyo yaliyokuwa yakiubana. Utepe mchafu na mzito nao huishinda springi nzima. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo springi ishukiwe.

Usikifungue kikunjio. Springi ya ndani ni bapa, imekunjwa kwa nguvu nyingi, na ikiruka inakata. Hata ukifanikiwa kuirudisha, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kifaa kitakamata.

Kikunjio kilichokamata na kugoma kuachia, kiruhusu kwanza kirudishe utepe kadiri kinavyoweza, ukiusindikiza kwa mkono, kisha uvute polepole. Kikikamata tena na tena kwa mwendo wa kawaida wa rubani anayeinama kushika kichaguzi cha mafuta, angalia kama kimefungwa katika pembe iliyoandikwa kwenye mwongozo na kama bolti hazijakikunja fremu yake. Rubani aliyezoea mkanda unaomkaba mwishowe ataacha kuuvaa, na hapo ndipo tatizo la kifaa linapogeuka tatizo la uhai. Utafiti wa mwaka 2011 wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ulikuta kwamba hatari ya kufa au kuumia vibaya kwa aliyefunga mkanda wa kiunoni pekee ilizidi kwa karibu asilimia 50 ile ya aliyefunga na wa begani.

Kisichokamata kabisa kinajulikana kwa mvuto wa ghafla. Shika utepe karibu na bega, uvute kwa nguvu kama unayenyakua kitu. Rudia ukiwa umeuchomoa robo, nusu, na karibu wote. Ukipita hata mara moja bila kukamata, kikunjio kinakwenda karakana.

Kishindo cha kugonga nje ya ndege mara baada ya kupaa

Ndege inaacha ardhi, mwendo unaongezeka, na ghafla kunasikika mlio mkali wa kugonga unaofuatana kwa kasi, kama injini inavunjika vipande. Geji zote ziko sawa. Injini inavuta. Chanzo cha kawaida kabisa ni ncha ya mkanda iliyobanwa mlangoni, bizimu yake ikipiga ubavu wa ndege kwa upepo.

Nimeiweka dalili hii hapa kwa sababu tiba yake ya kwanza iko hewani. Rusha ndege. Endelea kupanda, fanya mzunguko wa kawaida, tua kama siku zote. Mkanda uliobanwa unaharibu rangi. Rubani anayejaribu kufungua mlango karibu na ardhi, au anayegeuza ndege kwa pupa akiwa na mwendo mdogo, anaweza kuharibu kila kitu. Ukishatua, kagua bati la ubavu kutafuta mibonyeo na mipasuko, kisha kagua mkanda: kifuniko cha bizimu kilichopinda, ulimi uliochubuka, utepe uliokatwa na ukingo wa mlango. Usiurudishe kazini kwa kuwa tu umefunga vizuri.

Kiti cha mbele kisicho na mtu kifungwe mkanda wake kabla ya safari. Hilo linazuia mlango kuubana na linazuia bizimu kwenda kunasa kwenye usukani.

Mkanda unapanda tumboni, au wa begani unakandamiza

Mkanda wa kiunoni unatakiwa kukaa juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, ukitoka sakafuni kwa pembe ya digrii 45 hadi 55 hivi. Ukipanda tumboni, mzigo wote unaangukia viungo laini. Uliza kwanza kama viti vimefanyiwa kazi karibuni. Sponji mpya iliyo nene au laini kupita ile ya asili hubadilisha kimo cha mtu na pembe ya mkanda, na kwenye ajali inabonyea, mwili ukateleza chini ya mkanda. Chanzo kingine ni mkanda wa begani kukazwa kabla ya wa kiunoni. Wa begani unaivuta bizimu juu. Kaza wa kiunoni kwanza, kila mara.

Mkanda wa begani unaotokea chini ya usawa wa bega unafanya jambo baya zaidi: katika mshtuko unauvuta mwili chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Sehemu yake ya kufungia iwe katika usawa wa bega au juu kidogo, isizidi digrii 30. Ukikuta imefungwa kwenye fremu ya chini nyuma ya kiti, tafuta katika kumbukumbu za ndege nani aliiweka na kwa kibali gani.

Kanuni za Marekani zinataka mikanda ya begani kwenye viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya tarehe 18 Julai 1978, na kwenye viti vyote kwa zile za baada ya 12 Desemba 1986. Ndege ya zamani inaweza kuwa halali bila mikanda hiyo. Mwenye ndege ya namna hiyo, akiwa na fedha za kuboresha kitu kimoja tu ndani yake, aanzie hapa kabla ya redio. Kuiweka pale isipokuwepo ni badiliko la muundo linalohitaji idhini.

Chuma cha mwisho kimekwama, kimepinda au kina kutu

Chuma kinachoshikilia mkanda kwenye sakafu au fremu kinatakiwa kugeuka kwenye bolti yake ili kiufuate mvuto. Kikibanwa kisigeuke, mzigo unakuja kwa pembeni na kukikunja. Mara nyingi kosa ni bushi iliyopotea wakati wa kazi ya nyuma, au washa zilizopangwa vingine; ndiyo maana picha hupigwa kabla ya kufungua. Tundu lililorefuka kuwa yai, ufa karibu na tundu, au kutu iliyochimba vishimo vinakataa chuma hicho. Usikipeleke kupakwa kromu mtaani: uchovyaji usiofuata taratibu za anga unaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma kikavunjika bila onyo.

Lebo haisomeki, na mikanda yenye mfuko wa hewa

Mkanda usio na lebo hauwezi kuthibitishwa. Karakana nyingi hazitaukubali hata kwa kubadilisha utepe, na wana haki. Nunua mwingine.

Mikanda yenye mfuko wa hewa ndani ya utepe ina mtungi wa gesi na kifaa cha umeme vyenye ukomo wa maisha. Usiioshe, usiikunje wala usiichomoe waya bila mwongozo wake. Hiyo ni ya fundi aliyefunzwa.

Kubadilisha utepe au kununua mkanda mzima

Kubadilisha utepe kunafaa pale vyuma vyote ni vizima, lebo inasomeka, na mkanda wa namna hiyo hautengenezwi tena au unagharimu sana. Vyuma vikiwa na kutu, kikazio kimelika, au mkanda umewahi kuwa kwenye ajali, nunua mpya. Mkanda uliobeba ajali una utepe ulionyooshwa kupita kiasi hata kama unang'aa, na ukitazama karibu na kikazio unaweza kuona alama iliyoyeyuka ya msuguano. Baadhi ya miongozo ya watengenezaji pia imeweka umri, na miaka 10 ni kikomo unachoweza kukikuta. Kama ndege yako inacho, tarehe iliyo kwenye lebo ndiyo inayoamua, si sura ya mkanda.

Iulize karakana maswali haya kabla ya kutuma: Je, mna data iliyoidhinishwa kwa namba hii ya kifaa? Utepe wenu una cheti cha kupimwa moto? Vikunjio mnavipima au mnavirudisha kama vilivyo? Mkanda utarudi na hati gani, Fomu 8130-3 ya FAA au Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya? Anayesita kwenye swali la kwanza, mshukuru uende kwingine.

Tuma seti nzima ya kiti, nusu zote mbili, zikiwa na vibandiko vya kushoto, kulia, mbele na nyuma. Pima urefu wa kila nusu ukiwa umenyooshwa, uuandike, kwa sababu mkanda ukirudi mfupi kwa kiganja kimoja bizimu itahamia ubavuni.

Unapofunga tena

Bolti ziwe za aina na urefu uliotajwa na mwongozo, zikazwe kwa kipimo chake, na kotapini mpya pale inapohitajika. Chuma cha mwisho kigeuke kwa mkono baada ya kukazwa. Sogeza kiti kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli ukiangalia kama utepe unabanwa popote. Mkalishe mtu mnene na kisha mwembamba, wote wafunge, wakaze, wafungue kwa mkono mmoja. Zungusha usukani na kuuvuta hadi mwisho, pande zote, mikanda ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Vuta kila kikunjio kwa ghafla. Mwishowe andika kwenye kitabu cha matengenezo tarehe, namba ya kifaa kilichotoka na kilichoingia, kazi iliyofanyika, sahihi na namba ya leseni, ukaambatanishe hati ya karakana. Mkanda wa zamani uukate vipande viwili kabla ya kuutupa, mtu asije akauokota na kuufunga kwenye ndege nyingine.